Likizo Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kula Vizuri Bila Kuumiza Tumbo Wala Bahari

Majibu haya ni ya mtu anayevuka maji kutoka Dar, Arusha, Mwanza au Nairobi kwenda kupumzika Unguja siku chache, peke yake au na familia. Wali na maharage anavijua, kwa hiyo hatutamfundisha chapati ni nini. Anataka kula vizuri, arudi nyumbani mzima, na asiwe amechangia kuwamaliza samaki aliowafuata. Msimamo wangu nautoa mapema: kisiwani, anayekula kilichopatikana siku hiyo, kikapikwa kama wenyeji wanavyokipika majumbani mwao, mara nyingi anakula vizuri kumshinda aliyelipa mara tano zaidi.

Safari yenyewe inanichosha kabla sijafika. Nile nini njiani?

Basi likisimama kwa chakula, dakika ni chache na foleni ni ndefu. Unachokutana nacho ni chipsi, kuku wa kukaanga na soda, na mafuta yale yamekaangiwa tangu alfajiri. Nunua vitu vyenye ganda lake: yai la kuchemsha, ndizi mbivu, hindi la kuchemsha, na kama unapita njia ya Tanga, machungwa ya Muheza. Ukimenya mwenyewe, mkono wa mtu mwingine haujagusa unachokula.

Chakula cha nyumbani ni kizuri zaidi, ila kiwe kikavu. Viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, karanga, korosho. Pilau ya jana iliyofungwa ikiwa ya moto na kukaa ndani ya begi saa sita ni hatari, hata kama bado inanukia. Kopo ulilobebea chakula usilitupe, utalihitaji huko mbele.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, hasa Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka na mifuko ya kutapikia hugawiwa mapema. Usipande na njaa, wala usipande umetoka kunywa supu ya utumbo. Kula kidogo, kikavu, saa moja kabla: mkate na ndizi vinatosha. Tangawizi inasaidia wengi. Kaa katikati ya boti, angalia mbali kwenye upeo wa bahari, simu iweke mfukoni.

Nimelipia hoteli yenye bufee asubuhi na jioni. Nile vipi kwa kiasi?

Zunguka kwanza bila sahani. Pita meza yote mpaka mwisho, ndipo urudi kuchukua. Mara nyingi mikate, wali na viazi vimepangwa mwanzoni, na matunda na mboga viko kule ambako sahani ya mtu imeshajaa. Anzia kule.

Kisha chukua kidogo, rudi tena ukitaka. Hakuna anayekuhesabia safari. Kinachohesabika ni mabaki. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya 2024 lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 28 ya hicho ilitoka kwenye hoteli, migahawa na watoa huduma za chakula. Kisiwani mabaki yanauma zaidi, maana sehemu kubwa ya nyanya, vitunguu, karoti na viazi mviringo huvushwa kutoka bara. Nyanya imelimwa Lushoto, imepanda lori, imevuka bahari, imekatwa vizuri na mpishi, halafu imeishia kwenye pipa la hoteli ya ufukweni Kiwengwa kwa sababu mtu alitaka kuonja kila kitu.

Kama bado hujalipia, chukua chumba chenye chai ya asubuhi tu. Mchana na jioni toka. Kati ya ushauri wote ulio hapa, huu ndio wenye faida kubwa kwa tumbo, kwa mfuko na kwa watu wa kijiji kilicho jirani na hoteli.

Samaki gani niagize, na gani niwapunguze?

Menyu iweke pembeni kwanza, muulize mhudumu: "Leo kumeingia samaki gani?" Mgahawa unaopokea samaki kutoka diko la karibu, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, utajibu papo hapo, na jibu litakuwa fupi: kolekole na changu, basi. Ukijibiwa "wote wapo," jua friza ndiyo inayojibu.

Vibua na dagaa ningewaweka mbele ya wote. Hukua haraka, huzaa sana, wanaishi kwa makundi kwenye maji ya wazi, na mafuta yao ndiyo yale ambayo daktari wa moyo anakuambia uyapate. Kibua wa kuchoma, ukamkamulia ndimu na kumwekea pilipili ya ukwaju pembeni, hana mpinzani, lakini watu wanamdharau kwa sababu ni wa bei ndogo. Wageni wanakuja kula "samaki mkubwa", kibua wamemwacha sokoni.

Dagaa nao ni biashara kubwa Unguja. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na wafanyabiashara huwasafirisha mpaka Kongo. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka dagaa wabichi wa kukaanga, angalia mwezi kabla ya kuangalia menyu.

Nguru, jodari na kolekole ni chaguo la kawaida, na kipande kimoja kinashibisha. Tasi ni mzuri sana kwa mchuzi wa nazi.

Wa kuwapunguza ni hawa. Chewa mkubwa: hukua polepole, na aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, kisha wakubwa hugeuka madume. Mkiwamaliza wakubwa, mmemaliza waume. Pono, yule mwenye rangi za kanga na mdomo kama wa kasuku: kazi yake ni kukwangua majani ya baharini yanayoyafunika matumbawe, na mchanga mweupe unaoupiga picha, sehemu yake imepita tumboni mwake. Papa na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, huzaa watoto wachache na huchelewa kukomaa. Najua papa mkavu wa nazi ni chakula cha asili cha pwani na bibi yako alikipika. Sisemi usionje, nasema isiwe ndiyo oda ya kila siku.

Kamba koche akiletwa na mayai chini ya mkia, mkatae. Sema wazi kwa nini unamkataa, ili habari imfikie mvuvi.

Pweza je? Nimesikia wanafungiwa.

Ni kweli, na jambo hili ni zuri kulielewa kwa sababu pweza ndiye anayetafutwa na kila mgeni.

Pweza wa miamba anaishi kama mwaka mmoja hivi. Anakua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja tu: hukaa shimoni akilinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Maana yake ukimvua mdogo umepoteza kilo nyingi kwa kukosa subira ya wiki chache, na ukimtoa jike shimoni umepoteza kizazi. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo.

Ndiyo maana vijiji kadhaa vimejiwekea utaratibu wa kufunga sehemu ya mwamba wao, kwa kawaida miezi mitatu, kisha kuifungua siku moja kijiji kizima kishuke. Kisiwa Panza na Fundo kule Pemba wamefanya hivyo, na Kizimkazi huku Unguja. Siku ya kufungua ni kama sikukuu: wanunuzi na mizani yao wako ufukweni tangu maji yanaanza kutoka, akina mama wanapandisha na vyuma vyao begani, na pweza mmoja ananing'inia mpaka magotini.

Uvuaji wa miguu unafuata bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, pweza anakuwa adimu. Ukiletewa pweza kwa wingi wakati wa maji mafu, huenda ametoka kwa wapiga mbizi au friza. Si kosa, ila bei ya "mbichi wa leo" usilipe.

Mezani angalia ukubwa. Vipweza vidogo vizima vizima, vimechomekwa kijitini vitatu kwa pamoja, viache. Omba kipande cha mkono mnene. Supu ya pweza ni nyepesi na ina protini nyingi. Sifa nyingine wanazompa vijana wa vibandani siwezi kuzithibitisha.

Nitajuaje samaki ni mzima, hajachacha?

Jicho limejaa na linang'aa, shavu la kupumulia ni jekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, na ananukia bahari tu. Jicho lililozama na shavu la kahawia, achana naye.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Jodari, vibua na jamaa zao wakiachwa juani, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na moto hauiondoi. Samaki anaweza kuwa amekaangwa akakauka na bado akakuletea uso mwekundu, kichwa kugonga, mwili kuwasha na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja. Dalili ya kwanza huwa mdomoni: nyama inachoma kama pilipili manga wakati haikuwekwa. Tema, usimalize kwa aibu. Ukipata shida ya kupumua, nenda hospitali mara moja.

Forodhani ni salama?

Bustani ya Forodhani, ufukweni Mji Mkongwe, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jua likizama meza zinapangwa pale kila siku. Ni mahali pa kupita. Kula pale kunahitaji macho.

Tazama meza moja kwa utulivu kabla hujaagiza. Mishikaki ya nguru, jodari, ngisi na kamba imepangwa safu chini ya taa, mingi imeshaivishwa nusu, na ukichagua inarudishwa kwenye mkaa kwa dakika mbili ili ipate moto wa juu. Tatizo liko hapo. Hujui imekaa saa ngapi. Nenda mapema, saa moja jioni, si saa nne usiku. Chagua meza yenye wateja wa kisiwani. Omba kipande kibichi kichomwe mbele yako mpaka ndani, hata kama utasubiri. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijaingia sahanini, na ukizungumza Kiswahili chako cha kawaida, bila kujikweza, bei itakuwa na adabu.

Chakula salama zaidi pale ni kile kinachotengenezwa ukiwa umesimama: chapati ya Zanzibar iliyofungwa na yai, wanayoiita piza, muhogo wa kuchoma, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Juisi hiyo omba bila barafu. Miwa imebanwa mbele yako, lakini barafu hujui ilikogandishwa.

Sahani za kutupa ni nyingi pale. Ndiyo kazi ya lile kopo la safarini. Mpe muuzaji aweke humo, atacheka kidogo, ataweka.

Urojo una afya?

Inategemea umewekewa nini. Bakuli la urojo linaanza na rojo la unga wa ngano lenye manjano na ukali wa embe mbichi au ukwaju. Humo hudumbukizwa viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, vipande vya mishikaki, wakati mwingine yai, kisha chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa muhogo uliokaangwa mwembamba ukakauka. Dengu, yai na nyama ni lishe nzuri, na rojo lenyewe ni jepesi. Mafuta yamo kwenye vya kukaanga, na chumvi imo kila mahali. Mwambie muuzaji azidishe viazi na bajia, apunguze ule muhogo. Chatne ya nazi ikiwa imeshinda juani, iruke.

Kwa chakula cha mchana cha haraka, mimi naupendelea urojo kuliko chipsi kuku mara kumi.

Nimekaribishwa nyama ya kasa, kobe wa baharini. Nifanye nini?

Usile, na usimpe mtoto. Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kula kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, haina dawa ya kuizima, na kasa mwenye sumu hatofautiani na asiye nayo. Isitoshe kasa analindwa na sheria.

Bunju naye, yule samaki anayejijaza kama puto, ni wa kumwacha kabisa.

Maji ya bomba yananyweka? Na chupa zote hizi za plastiki?

Bila kuchemsha, hapana. Lakini si lazima ununue chupa ndogo kila unapoona kiu. Nunua dumu kubwa la maji ya kunywa uliweke chumbani, ujaze chupa yako ya chuma kila asubuhi. Familia ya watu wanne kwenye joto la Februari hunywa maji mengi, na chupa ndogo zikitupwa kisiwani hazina mahali pa kwenda.

Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku mwaka 2006, kabla ya Kenya iliyoanza 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara 1 Juni 2019. Pakia chakula chako kwenye kikapu cha ukili. Utakinunua kwenye soko la Darajani mjini, na kitakufaa zaidi ya likizo.

Kiu ya mchana inakatwa na dafu. Halina kifungashio, na muuzaji atakukatia kijiko kutoka kwenye ganda ule nazi laini ya ndani. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi.

Mboga zinaonekana adimu hotelini. Wenyeji wanakula nini?

Mboga zipo, hazifiki tu kwenye menyu ya wageni. Kisamvu cha nazi, mchicha, matembele, bamia, mbaazi za nazi, kunde, choroko. Muulize mama anayepika karibu na kituo cha daladala, saa sita mchana, asije akawa ameishiwa. Sahani ya wali, mbaazi za nazi na kisamvu, na kipande cha kibua juu, inazidi kwa lishe meza nyingi zenye vitambaa vyeupe.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ukiwa Unguja ni jambo jepesi, ilimradi ufuate msimu. Kuanzia Novemba hadi Februari embe zinamwagika, na mwisho wa mwaka unakutana na shokishoki na duriani. Katikati ya mwaka ni machungwa. Shelisheli, tunda la kupika kama viazi, ukilipata usilipite: kwa nazi linashibisha, na ni mti unaozaa bila kudai mbolea wala dawa. Tufaha lililofungwa plastiki pale kwenye duka kubwa limetoka mbali mno kumpa mtu raha akiwa katikati ya miembe.

Tahadhari moja tu: kachumbari na matunda yaliyokatwa tayari. Kata mwenyewe.

Sili nyama. Nitashinda njaa?

Hapana, ila utabadilisha saa za kula. Vyakula vya kunde huliwa sana asubuhi: mbaazi na maandazi au vitumbua, maharage ya nazi na chapati. Jioni vibanda vingi ni nyama na samaki. Kula vizuri asubuhi na mchana, usiku malizia na muhogo wa nazi na matunda. Kwenye mchuzi uliza kama umewekwa supu ya nyama, maana kwa wengi hiyo haihesabiki kuwa nyama.

Nina kisukari. Na mume wangu ana presha.

Wewe, hatari yako iko kwenye glasi. Juisi za Unguja ni nzuri na nyingi hutiwa sukari juu ya sukari: mabungo, ukwaju, stafeli. Agiza "bila sukari" kabla hazijasagwa, na kula tunda lenyewe badala ya kulinywa. Chai ya asubuhi nayo huja imeshawekwa sukari, sema mapema. Wali wa nazi chukua nusu, ongeza mbaazi au choroko. Dawa zako na vipimo vibaki kwenye mkoba unaoingia nao kwenye boti, si kwenye begi la mzigo.

Mumeo aangalie chumvi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyofichwa kwenye samaki wakavu, soseji za bufee na mchemsho wa vibandani. Samaki wa kuchoma kwa ndimu na viungo hahitaji chumvi nyingi, na mmefika kisiwa cha viungo.

Nina mimba. Samaki nisile kabisa?

Kula, ila waepuke papa, sulisuli na nduaro, maana samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini. Vibua, dagaa, changu na tasi ni sawa, wakiwa wameiva vizuri.

Likizo yangu imeangukia Ramadhani.

Mchana migahawa mingi ya mjini na vijijini hufungwa, na kula au kunywa hadharani si jambo la kufanya, uwe Muislamu au la. Mwaka 2024 polisi walikamata watu 12 kwa kula hadharani mchana. Hotelini utahudumiwa ndani. Watoto wadogo na wagonjwa wale chumbani, bila kificho wala maonyesho.

Halafu likizama jua, umebahatika. Futari ndicho chakula bora cha mwaka mzima: tende, uji wa pilipili manga, muhogo na magimbi ya nazi, kunde, samaki. Kingi cha kuchemsha, kidogo cha kukaanga, ukizichunga sambusa. Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, nenda na tende au matunda, na ukiambiwa "karibu tena" usijaze sahani mara ya nne kwa kuogopa kumvunja moyo mwenyeji. Onja, shukuru, sema umeshiba.

Tumbo limeharibika siku ya pili. Sasa?

Maji kwanza, dawa baadaye. Pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ya mgonjwa wa kuhara, unayo kwenye begi? Kama huna, chukua lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, kunywa kidogo kidogo. Chumvi isizidi hapo, hasa kwa mtoto. Endelea kula: uji, ndizi, wali mlaini. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Nenda hospitali ukiona damu, homa kali, kutapika kusikokoma, au choo kama maji ya mchele kinachotoka mfululizo. Choo cha namna hiyo hakisubiri asubuhi. Antibiotiki za kujinunulia dukani ziache.

Mwani naweza kuula?

Naam. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mwingi husafirishwa mkavu kwenda viwandani kutoa kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno. Siku hizi pwani ya mashariki utaukuta kwenye kachumbari, juisi na jemu. Ladha yake ni hafifu, kazi yote inafanywa na ndimu na tangawizi. Haudai maji yasiyo ya chumvi, mbolea wala shamba. Bahari kupata joto kumeuumiza, hasa aina ile yenye bei nzuri, kwa hiyo kununua kitu kilichoongezwa thamani na akina mama wenyewe kuna maana zaidi ya kupiga nao picha. Mwenye shida ya tezi la shingo asizidishe, mwani una madini joto mengi.

Tumekodi nyumba yenye jiko. Tununue wapi?

Samaki asubuhi, mapema, kwenye diko la kijiji mlichofikia, au soko la samaki la Malindi kama mko mjini Unguja. Huko mnada unakwenda haraka. Simama pembeni uangalie raundi mbili tatu ujue bei inavyopanda, au mwombe mama anayenunua kwa ajili ya kupika akushikie wa kwako. Mwite mama, msalimie kwanza. Mboga, matunda na viungo Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904. Nunua ya siku moja. Friji za nyumba za kukodi ni ndogo na umeme unaweza kukatika.

Kupikia familia, chungu kimoja kinatosha: samaki wa nazi, wali kiasi, na mchicha. Kilichobaki usiku kiingie kwenye friji mara kinapopoa, kesho kipashwe mpaka kichemke. Kama umeme ulikatika usiku kucha, kisiliwe.

Nibebe nini kurudi nacho?

Viungo vizima, si vya unga: mdalasini wa magome, iliki, kungumanga, pilipili manga. Vizima hukaa na harufu miezi mingi, na unga ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine. Halua beba kipande kidogo, ni sukari na samli. Magamba ya kombe, nyota za bahari na matumbawe usinunue, hata muuzaji akikuapia kuwa yaliokotwa yakiwa yameshakufa. Embe zilizoiva zifunge kwa gazeti, kikapu kikae miguuni mwako ndani ya boti. Vibua wabichi wenye barafu usithubutu kwenye basi la kwenda Arusha.